Kwa nini Mfalme wa Wafaransa aliliogopa jiwe la kuchapia

Mwalimu wa sanaa wa shule moja ya sekondari ameniandikia hivi: "Wanafunzi wangu wameona kitabuni katuni ya mfalme ambaye kichwa chake kinageuka hatua kwa hatua kuwa peasi, na maelezo yaliyo chini yake yanasema kwamba Honoré Daumier alifungwa kwa ajili ya mchoro huo. Wananiuliza tunda linawezaje kumpeleka mtu gerezani. Mimi mwenyewe nina langu: kwa nini kila anayezieleza katuni hizo za Ufaransa hutaja litografia, kana kwamba namna ya kuchapa ina uzito kuliko mchoro wenyewe?"

Mwalimu, niruhusu kwanza nirekebishe hayo maelezo ya kitabu, maana yamechanganya kesi mbili. Mfalme anayechekwa pale ni Louis-Philippe wa Ufaransa, lakini peasi halikuwa la Daumier, wala Daumier hakufungwa kwa ajili ya peasi. Aliyelibuni ni Charles Philipon, mzaliwa wa Lyon, mchoraji na mchapishaji, mtu aliyelichora tunda hilo mahakamani akijitetea. Daumier, aliyekuwa kijana aliyemchorea Philipon, alifungwa kwa mchoro mwingine kabisa uitwao Gargantua. Nitazifikia kesi zote mbili, lakini swali lako la pili lazima litangulie, kwa sababu litografia ni kuchapa picha kwa jiwe, na bila jiwe hilo kesi zenyewe zisingekuwapo.

Kabla ya litografia, picha iliyokusudiwa kuchapwa kwa wingi ilipita katika mikono ya watu wawili. Mchoraji alichora, kisha mchongaji akaichonga upya kwenye bamba la shaba au kwenye kipande cha mbao. Kazi ya shaba ilichukua majuma, na pengine miezi, na mistari ya bamba ilianza kufifia baada ya nakala mia kadhaa. Picha ilipofika sokoni, habari iliyoizaa ilikuwa imekwisha kupoa, na mkono ulioonekana karatasini ulikuwa wa mchongaji kuliko wa mchoraji. Dhihaka ya kisiasa haiwezi kusubiri namna hiyo. Hotuba ya waziri iliyowaudhi watu Jumatatu inataka picha wiki hiyohiyo, watu wakiwa bado na hasira.

Aliyeliondoa tatizo hilo hakuwa na nia yoyote ya siasa. Alois Senefelder, mwandishi wa tamthilia aliyeishi Munich, alikuwa akitafuta njia ya bei nafuu ya kuchapa maandishi yake, na kufikia mwaka 1798 alikuwa amegundua kwamba jiwe la chokaa la Solnhofen, huko Bavaria, linaweza kuchapa bila kuchongwa hata kidogo. Siri yake ni jambo ambalo kila mpishi analijua: mafuta na maji hayapatani.

Nimefundisha kazi hii kwa miaka mingi, na ningependa uione kwa karibu. Kwanza jiwe husagwa. Unaweka jiwe juu ya jiwe, katikati unatia mchanga laini na maji, kisha unalizungusha la juu polepole hadi uso wa yote mawili uwe sawasawa, wenye chembechembe ndogo kama ganda la yai. Juu ya uso huo unachora kwa kalamu iliyotengenezwa kwa nta, shahamu, sabuni na masizi. Chembe za jiwe huishika kalamu kama karatasi nzuri inavyoshika chaki, hivyo mchoraji hana haja ya kujifunza kazi ya patasi: mkono wake ni uleule wa kila siku. Lakini asiguse jiwe kwa kiganja. Mafuta ya ngozi hayaonekani, ila jiwe huyapokea kama linavyoyapokea ya kalamu, na nimewahi kuona alama ya kidole cha mwanafunzi ikitokea nyeusi, kamili na mistari yake, juu ya shavu la picha aliyoihangaikia siku mbili. Ndiyo maana wachoraji huegemeza mkono juu ya ubao uliopitishwa juu ya jiwe kama daraja.

Mchoro ukikamilika, jiwe hupakwa gundi ya mgunga iliyochanganywa na asidi kidogo ya nitriki, ili mahali palipochorwa pakaze mafuta yake na mahali patupu pakubali maji. Baadaye mchoro hufutwa kwa tapentaini, na hapo wanafunzi hushtuka, kwa sababu jiwe hubaki jeupe kama kwamba kazi yote imepotea. Unalilowesha kwa sifongo na kupitisha rola yenye wino wa mafuta. Wino unakataa palipo na maji, unashika palipo na mafuta, na mchoro unarudi mbele ya macho yako mweusi kuliko ulivyokuwa. Unalaza karatasi, unapitisha jiwe chini ya mtambo, unainua. Kisha unalowesha tena, unapaka wino tena, na jiwe moja lililotunzwa vizuri litakupa nakala elfu kadhaa. Tabu moja tu ndiyo inabaki, nayo ni kwamba kila kitu hutoka kimegeuka kushoto kulia, kwa hiyo maandishi lazima yaandikwe kinyume.

Litografia basi iliondoa mchongaji katikati na ikaondoa majuma ya kungoja. Mchoro wa jioni uliweza kuwa mikononi mwa watu siku chache baadaye, ukiwa na mkwaruzo uleule wa mkono uliokasirika. Godefroy Engelmann na Charles de Lasteyrie walifungua viwanda vya kuchapa kwa jiwe Paris mwaka 1816, na kwa miaka kama kumi na tano jiwe lilitumika zaidi kwa mandhari, nyimbo, sura za watu na kumbukumbu za vita vya Napoleon. Kilichokosekana ni uhuru.

Uhuru huo ulikuja, kwa muda mfupi, Julai 1830. Watu wa Paris walipigana mitaani siku tatu, Charles X akaondoka, na Louis-Philippe akakaa kitini kwa cheo kipya cha Mfalme wa Wafaransa. Katiba yake ilitamka kwamba raia wana haki ya kuchapisha maoni yao, na kwamba udhibiti hautarudishwa kamwe. Philipon alilichukua neno hilo kwa uzito wake wote. Tarehe 4 Novemba 1830 alianzisha gazeti la kila wiki, La Caricature, na tarehe 1 Desemba 1832 akaongeza la kila siku, Le Charivari. Jina hilo la pili linatokana na desturi ya vijijini Ufaransa ya kwenda usiku nje ya nyumba ya mtu aliyefanya la aibu na kumzomea kwa kugonga masufuria. Mauzo ya picha yalifanyika katika duka la Aubert, shemeji yake Philipon, lililokuwa kwenye njia ya maduka yenye paa la vioo iitwayo Galerie Véro-Dodat.

Sasa peasi. Mwaka 1831 Philipon alichapisha picha ya mfalme akiwa fundi wa lipu, anafunika kwa chokaa maandishi ya ahadi za Julai yaliyokuwa ukutani. Alishtakiwa kwa kumtukana mfalme, na tarehe 14 Novemba akasimama mbele ya mahakama. Hoja yake ilikuwa kwamba picha ile haikumtaja mfalme wala haikumvika alama yoyote ya ufalme, na kwamba ikiwa kufanana tu ni kosa, basi kosa halina mwisho. Akachora vichwa vinne. Cha kwanza ni Louis-Philippe waziwazi, mashavu yake mapana na nywele zake zilizosimama juu kama kishungi. Cha pili kinafanana na cha kwanza, cha tatu kinafanana na cha pili, na cha nne ni peasi, tunda lililo jembamba juu na nene chini. Akawauliza waamuzi: mkiniadhibu kwa cha kwanza, mtaniadhibu kwa cha pili kwa kuwa kimefanana nacho, na mwisho mtamfunga kila anayechora peasi?

Hoja haikumwokoa. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita na faini ya faranga 2,000. Lakini tazama mtego aliouacha nyuma yake, kwa maana hapo ndipo wanafunzi wako watapata jibu lao. Tangu siku ile, afisa yeyote aliyetaka kulifuta peasi lililochorwa ukutani kwa mkaa alipaswa kwanza kukiri kwamba ameuona ndani yake uso wa mfalme. Neno linaweza kukanushwa, kwa kuwa mwandishi ameandika jina na jina lina maana moja. Peasi halikuandika jina la mtu. Aliyelitia mfalme ndani yake alikuwa mtazamaji, na serikali haikuwa na njia ya kulishtaki jicho. Watoto waliweza kulichora, asiyejua kusoma aliweza kulisoma, na likaenea kuta za Paris na miji mingine bila kuhitaji hata jiwe.

Gargantua ni habari nyingine, nayo ni kali zaidi. Daumier alikuwa na umri wa miaka 23, mtoto wa fundi vioo kutoka Marseille; baba huyo ndiye aliyehamia Paris kutafuta sifa kama mshairi. Desemba 1831 alimchora mfalme akiwa jitu lililokaa kwenye kiti cha choo. Ubao mrefu umeegemezwa mdomoni mwake, na juu yake watumishi wadogo wanapanda kama siafu wakibeba vikapu vya fedha walizotoa maskini walio chini, miongoni mwao mama anayenyonyesha. Jitu linameza, na chini ya kiti zinadondoka nishani, vyeo na barua za uteuzi, ambazo wakubwa waliokusanyika wanazigombania. Polisi walizikamata nakala. Februari 1832 Daumier, Aubert aliyeuza na Delaporte aliyechapa wote watatu walitiwa hatiani, na Daumier akapewa miezi sita na faini ya faranga 500. Aliachwa nje kwanza, naye hakunyamaza, na Agosti mwaka huohuo akapelekwa gereza la Sainte-Pélagie. Zingatia kwamba mchapaji naye alishtakiwa. Jiwe ni zito, lina karakana yake na lina mwenyewe, kwa hiyo kila picha iliacha nyuma yake watu watatu wa kushikwa.

Huenda utauliza ni nani hasa waliokuwa wakizitazama picha hizi, kwa sababu La Caricature iligharimu faranga 52 kwa mwaka, fedha ambazo kibarua hakuwa nazo. Kwa hesabu ya wateja waliolipia, magazeti ya Philipon yalikuwa madogo. Ila duka la Aubert lilikuwa na madirisha, na picha mpya zilibandikwa hapo. Yuko mchoraji mwenzao, Traviès, aliyechora mwishoni mwa 1831 umati uliosimama mbele ya vioo hivyo, watu wa kila tabaka wakicheka na kuoneshana vidole, na mmoja wao anasema kwamba, lazima tukubali, serikali ina kichwa cha ajabu kweli. Picha hiyo ina thamani kubwa kwangu kuliko takwimu yoyote. Inaonesha kwamba nakala moja ilisomwa na mamia, na kwamba waliisoma pamoja, kwa sauti, barabarani. Kitabu husomwa na mtu peke yake chumbani, na mfalme aweza kukivumilia. Kicheko cha kundi zima ni jambo jingine.

Faini zilipozidi, Philipon alianzisha mwaka 1832 mchango wa kila mwezi ambao kila aliyeutoa alipewa litografia moja kubwa, na fedha zikaenda kulipia mahakama. Zilitoka picha 24 tu, na ya mwisho, ya Julai 1834, ndiyo ninayokuomba uwaoneshe wanafunzi hata kama hutawaonesha nyingine. Inaitwa Rue Transnonain, le 15 avril 1834: jina la mtaa na tarehe, basi. Aprili ile wafumaji wa hariri wa Lyon walikuwa wameasi, na vurugu zikafika Paris. Askari walidai wamepigwa risasi kutoka nyumba namba 12 ya mtaa huo, wakaingia, na wakawaua wakazi kumi na wawili.

Daumier hakuchora askari hata mmoja. Amechora chumba baada ya wao kuondoka. Mwanamume aliyevaa shati la kulalia na kofia ya usingizi ameanguka kutoka kitandani, mgongo ukiegemea godoro, miguu mitupu kuelekea kwetu. Ukitazama vizuri, na wengi huhitaji kuoneshwa, utaona kwamba chini ya mwili wake kuna mtoto mchanga, kichwa kimetokeza kikiwa na damu. Kushoto gizani amelala mwanamke, kulia unaonekana uso wa mzee uliokatwa na ukingo wa picha, na kiti kimepinduka. Hakuna dhihaka humu. Philipon mwenyewe aliandika kwamba hii si katuni, bali ni ukurasa wenye damu wa historia ya zama zao.

Na hapa ndipo swali lako kuhusu litografia linapojibiwa na picha yenyewe. Mahali peupe kuliko pote ni lile shati, na weupe huo ni karatasi tupu, yaani mahali ambapo Daumier hakuligusa jiwe kwa nguvu. Giza linalolizunguka limejengwa kwa kalamu iliyopitishwa tena na tena, na chembe za jiwe zimelifanya giza lenyewe liwe na vumbi, kama chumba cha alfajiri ambacho mwanga unaanza kuingia. Mchongaji wa shaba angelazimika kulisuka giza hilo kwa mistari elfu iliyopangwa, na macho yangestaajabia ufundi wake. Hapa hakuna ufundi wa kustaajabia, kuna chumba tu. Polisi walilikamata jiwe pamoja na nakala walizozipata, na nakala zilizonusurika leo ni za kutafutwa.

Mwisho wa kipindi hicho ulikuja haraka. Tarehe 28 Julai 1835 Giuseppe Fieschi alimfyatulia mfalme risasi kwa mtambo wa mitutu mingi ya bunduki iliyofungwa pamoja. Mfalme aliponea chupuchupu, lakini watu waliokuwa karibu wakafa. Mwezi Septemba ikapita sheria iliyotaka kila mchoro na kila picha iliyochapwa ipate kibali cha serikali kabla ya kutoka. Katiba ilikuwa imekataza udhibiti milele, hivyo ilibidi sababu ipatikane, na waziri wa sheria Persil, ambaye Daumier alikuwa amemchora mara kadhaa, aliieleza: katiba inalinda maoni, lakini maoni yanapogeuzwa picha inayosema na macho, hayo si maoni tena, ni kitendo, ni uchochezi. Maandishi yakabaki huru kutotazamwa kabla ya kuchapwa, picha ikafungiwa. Mimi naona sheria ile ni ungamo. Hakuna mhakiki aliyewahi kuisifu litografia kuliko serikali iliyoona lazima iitenge na maandishi ili iweze kuidhibiti. La Caricature lilikuwa limekwisha kujifunga lenyewe mwezi Agosti.

Le Charivari lilibaki, likaacha mawaziri na kuchora jamii. Philipon na Daumier walimchukua tapeli wa jukwaani, Robert Macaire, wakamfanya mwanasheria, daktari, mwenye benki na muuza hisa katika picha 100 kati ya 1836 na 1838, na kila msomaji alijua ni serikali gani iliyowanenepesha watu wa namna hiyo. Daumier aliendelea hadi macho yalipoanza kumshinda katika miaka ya 1870, akiacha karibu litografia 4,000. Usiwafiche wanafunzi kwamba si zote zinampa heshima. Katika mfululizo wa 1844 aliwacheka wanawake waliothubutu kuandika vitabu, na kalamu iliyowatetea maskini wa mtaa wa Transnonain iligeuka pale kuwa ya upande wenye nguvu. Pia waambie kwamba maneno yaliyo chini ya picha zake mara nyingi yaliandikwa na wengine ofisini mwa gazeti. Ukitaka kumjua Daumier, ziba maneno kwa karatasi, utazame mikono na migongo ya watu.

Nimebakiza jambo kuhusu kile kitabu chenu. Itazame tena picha ya mapeasi. Kama chini ya kila kichwa pana maneno yaliyopangwa kwa herufi za chapa, basi mlichonacho si litografia kabisa. Mchoro wa jiwe ulitoka na La Caricature Novemba 1831, lakini unaonakiliwa zaidi vitabuni ni ule wa Le Charivari wa tarehe 17 Januari 1834, uliochongwa upya kwenye mbao, kwa sababu mbao hulingana kimo na herufi za chapa na hupita mtamboni pamoja nazo kwa pigo moja, jambo ambalo jiwe haliwezi. Juu ya ukurasa huo Philipon alieleza wazi kwa nini anayatoa tena: mapeasi haya, aliandika, yanauzwa ili kulipa faini ya faranga 6,000 ya gazeti la Le Charivari.